Kutwika na Kutua

Mtoto wa shule akikutana mara ya kwanza na neno la Kiingereza "carry", huambiwa maana yake ni kuchukua, na somo huendelea. Lakini Kiswahili hakikubali upana ule. Mama humweleka mtoto mgongoni. Mpagazi hupagaa gunia begani. Mafundi husomba mchanga. Naye kijana wa mjini Arusha hukokota gari lake la mbao, ambalo kwa kitendo hicho laitwa mkokoteni. Tena tunayo kutwika, yaani kumwekea mwenzio mzigo kichwani, na kutua, yaani kuushusha.

Ndugu msomaji, watazame wanawake washukao na ndizi kutoka miteremko ya Mlima Meru. Mkungu ukiisha kukaa kichwani, mama aweza kwenda nao mwendo mrefu. Asiloliweza ni kuuinua peke yake toka chini hata utosini. Shingo anayo, nguvu anazo. Akosacho ni mikono miwili ya jirani kwa muda wa pumzi moja.

Jambo hili lanisaidia katika maneno ya Mtume Paulo yaliyowatatiza wengi. Katika Wagalatia, sura ya 6, aagiza tusaidiane kuchukua mizigo. Mistari mitatu mbele asema kila mtu ana wake wa kuuchukua. Je, ajipinga? Biblia yetu imeweka maneno mawili, mzigo na furushi, maana Kiyunani nacho kina mawili. Nami naona hivi: furushi ni lile mtu alifungalo na kujitwika mwenyewe, mzigo ni ule usiopanda kichwani bila mwenzio. Basi mvivu asidai kubebewa furushi, wala jirani asimpite mama aliyesimama kando ya mkungu wake.

Lakini kutwika si wema siku zote. Boma la Wajerumani la Arusha, ambalo sasa ni makumbusho, lilikwisha kujengwa mwaka 1900 kwa kazi ya nguvu ya Waarusha na Wameru walioshindwa vitani. Nani aliwauliza? Tena katika vita vya 1914 hadi 1918 wachukuzi wa jeshi la Waingereza zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi. Jina la kikosi chao, litokalo katika neno lile lile "carry", ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam. Walitwishwa, wa kuwatua hakuwako.

Wala tusiwatazame wageni tu. Mzazi humtwika kifungua mimba kazi ya kuwasomesha wadogo zake, naye hukubali kwa heshima. Miaka hupita. Mdogo wa mwisho amepata mshahara, amejenga, amekwisha kuoa, hata hivyo kila shida ya nyumbani hupelekwa kwa yule yule, na katika ndugu wote hapana hata mmoja amwambiaye, "Kaka, inama tukutue."