Sadaka Baada ya Mafuriko

Ndugu zetu Waislamu, Mei 2024, baada ya mafuriko ya Nairobi, Serikali iliamrisha wakaao ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Huko Mathare vibanda vikavunjwa, na kila jamaa ikaahidiwa shilingi 10,000. Watu wakatoa unga na mablanketi, nasi hatuvidharau. Mwenye njaa hangoji ramani. Lakini aliyevunjiwa, akisha kula, alale wapi? Akikosa kiwanja hurudi ukingoni kule kule, na masika yajayo twamchangia tena!

Twaona katika kila mchango litengwe fungu la kununua ardhi isiyofikiwa na maji, iwekwe wakfu, wajengewe hao, kama wazee wetu wa pwani walivyoweka wakfu mashamba na visima. Na hati isiandikwe kwa jina la mtu mmoja, hata awe imamu.