Rafiki wa Sala na wa Deni

Rafiki aijuaye sauti yako katika sala, lakini asijue deni ulilo nalo dukani, bado hajakujua. Ndugu wa Uamsho, ule uliochipuka Gahini, Rwanda, na kufika Kenya katika miaka ya 1930, waliungamiana dhambi zao waziwazi, wakaiita desturi hiyo kutembea nuruni. Na vijana wa leo wa mitaa ya Kaloleni, Jericho na Maringo jijini Nairobi, ambao aghalabu huagana kwa haraka langoni mwa kanisa, simu mkononi, wangefaidika nayo mno, japo si lazima mbele ya halaiki. Yatosha wawili, jioni, mitungi ikingoja zamu bombani, mmoja akithubutu kunena kwamba kibarua kimekwisha na kodi haijalipwa, na mwenziwe akimsikiliza pasipo kukimbilia kumsomea aya.