Je, Ni Dhambi Kuizuia Damu?
Somo: Marko 5:25–34



Mama mmoja wa hapa Karurumo alinisubiri baada ya maombi ya Jumatano mpaka watu wakaisha. Ameniruhusu niandike, na mambo machache nimeyabadilisha asijulikane. Mtoto wake amelelewa kama mvulana, na jina lake ni la babu. Mwaka huu akaanza kwenda mwezini. Daktari akaeleza kwamba alizaliwa na jinsia mbili, na kwamba iko dawa ya kuzuia hedhi. Mama akaniuliza, "Mama, nikikubali nitakuwa nimekosea Mungu?"

Nilijibu haraka: tufunge, tuombe, dawa ingoje. Miezi miwili baadaye nikasikia kwamba siku zake zikifika mtoto hujificha kwenye migomba. Shule haendi. Maji hanywi, asije akaingia choo na wenzake. Kuomba hakukuwa kosa. Kosa langu ni kwamba sikuuliza mtoto anaumia wapi.

Nikarudi kwenye Neno. Yule mwanamke alitokwa damu miaka 12, na kwa sheria ya Walawi 15 alihesabiwa najisi. Mali yake iliishia kwa matabibu, na Bwana hakumkemea kwa kutafuta tiba. Damu ikakauka. Halafu, Yairo akiwa hapo anangoja na binti yake yuko mahututi, Yesu alisimama akamsikiliza mwanamke mpaka akamaliza kusema yote.

Mtu atasema, ile damu ilikuwa ugonjwa, lakini hedhi ni mpango wa Mungu. Sawa. Lakini msichana ambaye hedhi yake ni nyingi kupita kiasi tunampeleka hospitali, anapewa dawa za jamii hii hii, na hakuna anayemwita mwasi.

Kwa hivyo nikaandamana na mama kwa daktari. Sindano ya miezi mitatu, ile akina mama wengi tunaijua, kwa wengi hukausha hedhi polepole, lakini mwanzoni damu hutoka ovyo, na mifupa hupungua nguvu kidogo wakati mtoto bado anakua. Vidonge vya kila siku huachwa wakati wowote, ila vinataka kukumbukwa, na aliye bweni atavimeza mbele ya nani? Kipandikizi cha mkononi hakisumbui, lakini damu yake haitabiriki. Koili yenye homoni hukaa miaka, lakini kuiweka kunataka mtoto aguswe mahali ambapo hata mama yake hamwonyeshi. Kila njia ina mzigo wake, na atakayeubeba ni mtoto. Basi aulizwe. Huyu wetu alichagua vidonge. Alisema anataka kitu ambacho yeye mwenyewe anaweza kukiacha.

Wako pia watoto ambao mwili ni wa kike bila shaka, na bado hedhi inawavunja moyo kwa sababu ndani yao hawajioni wasichana. Najua hapo wengi mtanikatalia, na mimi mwenyewe sijamaliza kuwaza. Lakini dawa hizi hazimgeuzi mtu jinsia. Akiziacha, hedhi hurudi, ingawa baada ya sindano yaweza kuchukua miezi. Zinampa mtoto nafasi ya kupumua na kusoma, huku sisi tukiongea naye bila kelele.

Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mtoto aliyeitwa Mtoto A tu. Kwenye karatasi zake, mahali pa jinsia, hospitali ilikuwa imeweka alama ya kuuliza. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 1,524 wa jinsia mbili, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mtoto kama huyo atendewe kwa heshima na apate matibabu. Serikali imewahesabu. Je, kanisa? Katika Isaya 56 Bwana anamwahidi towashi mahali na jina ndani ya nyumba yake. Katika Mathayo 19:12 Yesu anawataja waliozaliwa hivyo, wala hawafukuzi.

Wiki hii, ukisikia habari ya mtoto wa namna hii, usiipeleke sokoni. Nenda kwake, keti, sikiliza mpaka amalize. Ndipo uombe.