Akili Nayo Ni Zawadi ya Mungu



Sisi tuliokimbia vita tuliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazazi. Lakini akili tulivuka nayo mpaka. Hakuna askari aliyetunyang'anya njiani. Basi inasikitisha kuona hapa Kampala tunaikabidhi bure kwa yeyote anayesema, "Nimeonyeshwa."

Tukumbuke Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea katika jengo la ibada la kundi lililodai kurudisha Amri Kumi za Mungu. Baadaye miili mingine ilifukuliwa kwingine, hata hapa Buziga. Walikuwa watu wa sala. Waliuza mali zao wakawapa viongozi, tena waliwekewa sheria ya kunyamaza, wakawa wanaongea kwa ishara. Asiyeruhusiwa kuuliza ataujuaje ukweli?

Mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant, aliandika mwaka 1785 kwamba akili yenyewe inatuonyesha wajibu wetu: tusimtumie mwenzetu kama chombo tu, na kabla ya kutenda tujiulize kama tungekubali watu wote watende vivyo hivyo. Sisi tunaongeza kwamba akili hiyo imetoka kwa Muumba. Yesu alituagiza kumpenda Mungu kwa akili pia (Mathayo 22:37). Nao Waberoya walisifiwa kwa sababu, hata baada ya kumsikia Paulo, walihakikisha maneno yake katika Maandiko (Matendo 17:11).

Tunajua uchungu wa kungoja miaka mingi. Ndiyo maana akija mtu kusema ameona majina yetu kwenye orodha ya kwenda nchi ya tatu, ila tutoe pesa kwanza, mioyo inaruka. Tusimtukane. Tumuulize: Umejuaje? Pesa zinakwenda wapi? Wewe ungependa kutendewa hivi? Huduma za UNHCR hazilipiwi. Pesa hizo ni kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Kuuliza si kukosa imani. Mwenye kusema kweli haogopi swali, hata likimhusu mchungaji, hata likituhusu sisi tunaoandika ukurasa huu. Na watoto wetu wakiuliza nyumbani, tusiwanyamazishe.

Bwana atupe imani yenye macho. Amina.