Je, Kipya Kina Deni kwa cha Kale?



Wahenga wametuachia methali mbili ambazo huonekana kupingana. Moja yasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Ya pili yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya kwanza yatuonya tusitupe chetu kwa kutamani kipitacho. Ya pili yatukumbusha kuwa kinachotoka nje chaweza kutuletea nafuu.

Napenda tuzipime methali hizi kwa kitu kidogo: lenzi ya kamera ya filamu. Swali letu ni hili: mwenye kubadili kitu, je, ana deni lo lote kwa wale waliomwamini wakanunua kile cha kwanza?

Kampuni ya Asahi ya Japani ilianza kuuza kamera za Pentax mwaka 1957. Lenzi zake zilifungwa kwa hesi, zikizungushwa kama kifuniko cha chupa, na upana wa hesi ulikuwa milimita 42. Kipimo hicho kilitumiwa pia na viwanda vya Ujerumani ya Mashariki na Urusi, hivyo lenzi za aina hiyo zilienea sana. Mwaka 1975 Asahi waliacha hesi, wakaleta mdomo mpya ulio mpana zaidi, ambao lenzi hufungwa kwa kuizungusha kidogo tu. Lakini jambo moja hawakuligusa: umbali kutoka mdomo wa kamera hadi filamu ulibaki milimita 45.46, ule ule wa zamani. Tena walitoa pete nyembamba ya kuivalisha lenzi ya hesi ili iingie katika kamera mpya. Hivyo mwenye lenzi ya miaka ya 1960 aliweza kuitumia katika kamera ya K1000, iliyotoka mwaka 1976, na hata leo aweza.

Kwa nini umbali huo ni jambo kubwa? Lenzi husogea mbele, mbali na filamu, ili ione vya karibu. Hurudi nyuma ili ione vya mbali. Ikiwekwa mbele kupita kipimo chake, vya mbali havitaonekana wazi hata ukiizungusha mpaka mwisho. Ndivyo ilivyowapata wenye lenzi za Canon za aina ya FD. Kamera zao zilikuwa na umbali wa milimita 42. Mwaka 1987 Canon walileta mdomo mwingine wenye umbali wa milimita 44. Tofauti ni milimita 2 tu. Lakini lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele kiasi hicho, haioni wazi kitu kilicho zaidi ya mita 1.3 hivi, ila kwa msaada wa kioo cha ziada. Mtu ataweza kupiga picha ya ua, asiweze kupiga picha ya mlima.

Je, Canon walikosa? Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Lenzi za mfumo huo mpya zilikuwa na mota ndani yake, zikajirekebisha zenyewe, na wenye macho dhaifu wakapata msaada. Hakuna mwenye haki ya kuwazuia wengine wote wasiende mbele eti kwa kuwa yeye ana lenzi tatu kabatini. Hata hivyo, kwa mpiga picha wa mji mdogo, lenzi tatu zaweza kuwa akiba ya miaka mingi, na ndizo zinazosomesha watoto wake.

Kwa maoni yangu deni lipo, ila si deni la kutobadilika. Ni deni la kutafuta kwanza kama mlango waweza kuachwa wazi, na kuuacha wazi pale ambapo gharama yake si kubwa.

Naye mwenye cha kale ana wajibu wake. Anayetumia pete asidai raha zote za kipya. Katika kamera ya K1000, tundu la mwanga la lenzi ya hesi halijifungi lenyewe. Itampasa alifungue, aizungushe lenzi mpaka picha iwe wazi, kisha alifunge tundu kwa mkono mpaka sindano ya kupimia mwanga ikae katikati, ndipo apige. Ni kazi ya vidole na subira, na aliyechagua kubaki na cha kale ailipe bei hiyo bila kunung'unika.

Wako pia wanaosaga chuma cha nyuma ya lenzi ili iingie kwa nguvu. Watasema, "Ni mali yangu." Ni kweli, lakini lenzi njema huishi kuliko mwenyewe. Pete huvuliwa, na atakayerithi lenzi akaikuta kama ilivyotengenezwa. Chuma kilichosagwa hakirudi.

Sisi tuliofundisha katika vyuo vya ualimu tumeona mitaala ikibadilishwa mara nyingi. Mara chache tuliulizwa swali ambalo mafundi wa mwaka 1975 walilijibu kwa vitendo: katika haya tunayobadili, ni kipimo gani tukiache kama kilivyo, ili waliotutangulia wasifungiwe nje? Yafaa kila mwenye kuleta jipya, nyumbani, shuleni au katika chama cha ushirika, ajiulize hilo kabla hajaanza.