LESENI YA DUKA NA USHAHIDI WA JIRANI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetufungulia milango ya riziki ya halali, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyefanya biashara kwa ukweli kabla ya kupewa Utume, na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu! Mwenye duka katika miji yetu hana budi kuwa na leseni, na kwa kawaida leseni hiyo ni ya mwaka mmoja, kisha hukatwa upya. Zamani kazi hii ilikuwa ya mabaraza ya miji. Tangu mwaka 2013 imekuwa ya serikali za kaunti, kwani Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi leseni za biashara na za vileo. Likitokea lalamiko kwamba duka fulani lauza vitu vibovu, au kwamba mlangoni mwake pana ulevi na fujo, leseni ile huweza kutazamwa upya, mwenyewe akaachiwa, au akapewa masharti, au akanyang'anywa. Wengi wetu hulichukulia jambo hili kuwa ni la serikali tu, halihusiani na dini. Sisi twasema kuwa lahusiana nayo sana, kwani ndani yake mna amana, mna ushahidi na mna hukumu, na yote matatu tutaulizwa Siku ya Kiyama.

Wala kukagua maduka si jambo tulilofundishwa na Wazungu. Imam Muslim amepokea kwa Abu Hurayra kuwa Mtume (s.a.w.) alipita penye fungu la nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umaji. Akamuuliza mwenyewe sababu, naye akajibu kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwambia kuwa ilimpasa aiweke juu ile iliyorowa ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika wafuasi wake. Tazameni! Aliangalia kwa mkono wake, akauliza, akasikiliza jawabu, ndipo akatoa hukumu. Baada yake dola za Kiislamu ziliweka muhtasib, msimamizi wa masoko na mizani. Imam Al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii aliyekufa mwaka 1058, ameieleza kazi hiyo katika kitabu chake Al-Ahkam As-Sultaniyya, akabainisha kuwa muhtasib hukataza uovu ulio dhahiri, wala hana rukhusa ya kupeleleza yaliyofichika majumbani mwa watu.

Basi twaanza na mwenye duka. Ndugu yetu, leseni uliyoitundika ukutani si milki kama shamba ulilorithi kwa babako. Ni amana uliyopewa kwa masharti, na masharti hayo uliyakubali mwenyewe. Ukiuza unga wenye wadudu, au ukiifuta tarehe ya maziwa yaliyokwisha wakati wake, au ukipunja mizani, umekhini amana hiyo hata bwana afya asipokuja. Wala usidhani kuwa kila kilichoruhusiwa na kaunti kimeruhusiwa na Mwenyezi Mungu. Kaunti yaweza kukupa leseni ya vileo, lakini Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi katika jambo la ulevi, na miongoni mwao yumo mwenye kuuuza na mwenye kula thamani yake. Wako Waislamu wasemao: sisi hatunywi, twawauzia wageni tu. Twawajibu kuwa muuzaji ametajwa katika laana ile bila ya kuulizwa mnunuzi wake ni nani.

Wa pili ni jirani, na hapa ndipo penye ugonjwa wetu mkubwa. Barazani baada ya sala ya Isha watu hulalamika mpaka usiku mwingi: duka lile lauza ulevi, na watoto wa madrasa wapita mlangoni mwake. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliweka kuwa mahali pa kuuzia vileo pawe mbali na mahali wasomeapo watoto kwa mita 300 au zaidi, na ikawapa watu njia ya kuandika pingamizi leseni inapoombwa. Lakini siku ya kusikizwa ikifika, wasemaji wa barazani hawaonekani. Huyu asema si kazi yake. Yule asema mwenye duka ni jamaa yake. Na wa tatu asema, tutamsomea Halbadiri. Subhanallah! Mlango wa haki u wazi nanyi mwauacha, mwaenda kutafuta kumdhuru mtu kwa kisomo? Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Suratul Baqara kuwa afichaye ushahidi moyo wake una dhambi, na katika Suratun Nisaa ametuamrisha tuusimamishe ushahidi ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Ujamaa si udhuru.

Lakini ushahidi una adabu zake. Kwanza mwendee mwenye duka kwa siri umnasihi, kwani huenda akaacha, na shari ikaondoka bila ya kumvunjia riziki. Akikataa, andika uliyoyaona wewe: kitu gani, siku gani, saa ngapi. Usiandike uliyosimuliwa. Twajua pia kuwa wako wanaolalamika kwa husuda, kwa kuwa duka la mwenzao lina wateja zaidi, wakataka leseni ifutwe ili soko libaki lao. Na wako wamwoneao mjane na kibanda chake kwa kuwa hana wa kumsemea. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uwongo aliketi wima, akakariri mpaka Sahaba wakatamani anyamaze. Basi aliyenyamaza akijua na aliyesema uwongo, wote wawili wamedhulumu.

Wa tatu ni mwenye kuhukumu. Mtume alipompeleka Sayyidna Ali Yaman alimfunza asikate hukumu kwa maneno ya mgomvi wa kwanza mpaka amsikize na wa pili. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2015 juu ya uadilifu wa maamuzi ya serikali yataka vivyo hivyo: mtu apewe taarifa, asikizwe, na aelezwe sababu kabla ya kunyimwa haki yake. Ama rushwa, hata ikiitwa chai, ni rushwa, na Mtume amemlaani mwenye kuitoa na mwenye kuipokea. Leseni iliyonunuliwa kwa chai ni dhulma kwa mtaa mzima, na leseni iliyofutwa kwa chai ni dhulma kwa watoto wa mwenye duka.

Ndugu zetu, twawausia mtakapoona tangazo la leseni za mtaa wenu mlisome, mkutane msikitini mshauriane, na wenye kujua waende wakaseme wanayoyajua, wala wasizidishe wala wasipunguze.

Ewe Mola wetu! Tujaalie tuwe wakweli katika biashara zetu na ushahidi wetu, utukinge na chumo la haramu, uwalinde watoto wetu, na uwaongoze wanaotuhukumu. Amin.