Tusiwape wagonjwa majina yasiyo yao



Ndugu zangu Waislamu, leo nianze kwa kukiri kosa langu. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, na nimekuwa nikitoa darsa baada ya Magharibi katika msikiti mmoja hapa Rwamgasa, mkoani Geita. Safu ya nyuma alikuwa akiswali kijana mmoja ambaye kazi yake ni kuchoma dhahabu. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka hadi akashindwa kufunga kifungo cha kanzu. Alikuwa msahaulifu, na akikasirika kwa jambo dogo. Mtaani walimpachika jina: mzee wa gongo. Nami nikaliamini. Usiku mmoja nikatoa darsa kali juu ya pombe huku macho yangu yakiwa kwake, na kila mtu akaelewa nani anayesemwa. Hakuja tena.

Miezi ikapita, nikaenda kwao. Mama yake akaniambia kwa upole ulionichoma: "Ustadhi, mwanangu hajawahi kuonja pombe. Hospitali wamesema ni zebaki."

Sisi tunaoishi machimboni tunaijua zebaki. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga uliosagwa ili ikamate dhahabu, kisha donge lile huchomwa, zebaki ikatoka kama mvuke. Mvuke huo ukivutwa hupita mapafuni na kufika kwenye ubongo. Matokeo yake ni kutetemeka, kuyumba, kusahau, kukosa usingizi na kubadilika tabia. Si habari ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo ya viwanda (UNIDO), ulifanya uchunguzi hapa hapa Rwamgasa. Matokeo ya vipimo vya afya vya wachimbaji wa Geita, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa takriban robo ya wachomaji waliopimwa walikuwa wamedhurika kwa sumu hiyo.

Je, kosa langu lilikuwa wapi? Pombe ni haramu, na Surat Al-Maidah aya ya 90 haikuacha mjadala. Kosa lilikuwa katika jina. Allah (s.w) ametukataza katika Surat Al-Hujurat aya ya 11 kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Nami niliongeza la pili: jina baya, tena la uongo. Na anayekosea jina la maradhi hukosea na dawa yake.

Hivyo basi, tujifunze majina haya. Ulevi ni kitendo: mtu amekunywa, akili imefunikwa. Uraibu ni hali ambayo mwili na ubongo vimekwishazoea kilevi, iwe gongo, bangi au heroini, hata mtu akitaka kuacha anashindwa peke yake. Kuuita uraibu maradhi hakuihalalishi haramu. Maana yake ni kwamba mtu huyu anahitaji toba na tiba pamoja.

Yapo pia mateso ya kuacha, ambayo vijana wa Dar es Salaam wanaotumia heroini huyaita arosto. Hapa nawaomba wazazi wanisikilize vizuri. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akiacha ghafla kwa kuheshimu Ramadhani, anaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho. Ndani ya siku mbili tatu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, au kuona vitu visivyokuwepo. Sisi tunasema amepandwa na jini, tunamfungia chumbani na kumsomea. Kumbe hali hiyo inaweza kumuua. Msomeeni, lakini msomeeni mkiwa njiani kwenda hospitali. Tunaamini majini wapo. Lakini hatukuamrishwa kumbebesha jini kila kinachotushinda kukielewa. Mtume (s.a.w) ametufundisha kutafuta tiba, kwani Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa.

Jina jingine ni sonona: huzuni nzito isiyoondoka kwa wiki kadhaa, ikaondoa usingizi, hamu ya chakula na hata hamu ya kuishi. Tusimwambie mwenye sonona kwamba imani yake ni ndogo. Nabii Yaqub (a.s) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume. Mwanachuoni wetu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwishatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayotokana na hali ya mwili, na akaeleza kuwa kila moja ina tiba yake.

Na yule tunayemwita kichaa au chizi, anayesikia sauti tusizozisikia, ni mgonjwa. Tumefundishwa kuwa kalamu imeinuliwa kwake mpaka apate akili. Ikiwa Allah hamwandikii dhambi, sisi tunamfunga minyororo kwa sheria ya nani?

Hata aliye mlevi kweli ana haki kwetu. Katika zama za Mtume (s.a.w) kulikuwa na mtu aliyeadhibiwa mara kwa mara kwa kunywa. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume (s.a.w) akamkataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilitekelezwa, lakini mlango wa msikiti haukufungwa.

Kwa hiyo, ukimwona ndugu yako anatetemeka, muulize kwanza anafanya kazi gani, analala vipi, ana nini moyoni. Kisha mpeleke hospitali, na ikibidi hadi Bugando, Mwanza, ambako wapo madaktari wa akili. Nasi wenye kutoa darsa tuulize kabla ya kupanda mimbari.

Kijana yule nilimwomba radhi, akanisamehe. Ameacha kuchoma, na mikono imetulia kidogo. Lakini msikitini bado hajarudi, na kila Magharibi nikigeuka kunyoosha safu naiona nafasi yake. Niombeeni kwa Allah, na mumuombee yeye zaidi.

Wabillahi tawfiq.